Namna ya Kuiandaa Nyumba kwa Masika Bila Kujisumbua

Dar es Salaam masika huanza Machi, hukolea Aprili na kukatika Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa huutangaza mwelekeo wake mapema, kabla hata tone halijadondoka. Tangazo lisikilize kwa makini, kisha badilisha stesheni.

Januari na Februari bati ni kavu, fundi yuko kijiweni, hana kazi. Usimwite. Atakuja na maneno ya kukutia gharama: eti mipira ya misumari ya bati imepasuka kwa jua, eti bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku, msumari ukalegea, eti hicho kitundu ndicho kitakachoozesha mbao za kenchi. Subiri Aprili, umpigie siku moja na mtaa mzima. Atapandisha bei, atachukua kianzio, halafu atakwambia ukweli mtupu: bati lililolowa linateleza, hapandi mtu.

Wewe mpangaji mpigie mwenye nyumba. Atakujibu kwamba kabla hujahamia, paa halikuwahi kuvuja.

Gata liache na majani yake ya mwembe. Maji yakikosa njia yatamwagikia ukutani, yashuke hadi kwenye msingi, na rangi itabanduka yenyewe. Umeokoa hela ya kukwangua. Dari ya jipsamu nayo huanza na doa la rangi ya chai. Lipake nyeupe. Likirudi, lipake tena. Likianza kuvimba, sogeza kochi. Ndoo usizitafute, zote ziko chumbani zinakinga.

Tukija kwenye karo la choo, hapo ndipo penye mabingwa. Gari la kunyonya majitaka linadai hela, mvua haidai. Ngoja usiku inyeshe ile ya kufunika sauti, kisha tapisha. Mzigo utateremka wenyewe hadi kwa jirani wa bondeni, upite mlangoni kwake na kwenye kisima anachotekea maji ya kuoshea vyombo. Asubuhi mpe pole ya mafuriko. Kipindupindu kikiingia, uwe wa kwanza kusimama kwenye mkutano wa mtaa na kuuliza serikali inafanya nini kuhusu usafi.

Mvua ikikatika, usimtafute fundi kwa pupa. Vuli haianzi mpaka Oktoba.