Reli Imefika Momela

Udongo wa Momela ni wa volkano, na kiangazi vumbi lake halibishi hodi. Linaingia hata kwenye sanduku lenye kufuli. John Wayne alikuja huku kuigiza filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, akajaa vumbi kisawasawa na watu wakalipa kiingilio kumtazama. Sisi tukienda na vumbi hilo harusini tunaulizwa kama tumetoka kuvuna viazi.

Ndiyo maana shangazi anaiheshimu pasi yake ya mkaa. Anaipunga uani mpaka makaa yakolee, anafuta kitako chake kwa jani la mgomba ili kiteleze, kisha anadondoshea tone la maji. Tone likichemka taratibu, twende na tetroni. Likiruka na kutoweka, hapo ni pamba tu, maana tetroni ikikutana na moto huo inang'aa makalioni au inang'ang'ania pasi moja kwa moja.

Jumamosi ya harusi, mumewe aliukataa utaalamu huo.

"Mama watoto, suruali ni yangu. Niachie."

"Haya, baba watoto. Mimi simo."

Mstari wa kwanza ulienda upande. Badala ya kuulowesha na kuufuta, akapiga wa pili pembeni yake. Akaigeuza suruali, akakazia na mguu wa pili vilevile. Shangazi alichungulia dirishani. "Reli ilifika Arusha mwaka 1929," alisema. "Leo imefika Momela."

Mzee akavaa hivyo hivyo, akapanda boda. Wenye uzoefu husafiri na suruali ya zamani, ya harusi ikiwa imefungwa kwenye khanga, wakabadilisha Usa River. Yeye alisema huo ni woga. Barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Arusha, na siku hiyo nyati walikuwa wanavuka bila haraka. Ikabidi wasubiri, huku gari la watalii likiwapita na kuwamwagia vumbi lote.

Ukumbini alijipangusa kwa kiganja. Vumbi likatoka kwenye mistari tu, likabaki kwingine kote. Sasa reli ilionekana hata kwa waliokaa nyuma kabisa.

Babu mmoja wa Ngare Nanyuki, aliyekuja kwa njia ileile, alimkagua magoti kwa makini.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Wangu ulikuwa mmoja tu, na haujafika."