Heshima kwa Tope la Chogoria

Juu ya geti la Chogoria, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, dereva hufundishwa unyenyekevu kwenye kona ya pili. Magurudumu yanazunguka, gari halisogei, na walio nyuma wanarukiwa hadi masikioni. Familia iliyotoka Embu alfajiri kwenda kuvua Ziwa Ellis inashuka, inasukuma, inashindwa, inatazamana. Baba anatangaza kwamba tangu mwanzo mpango ulikuwa kutembea. Tope limeshaanza kutenda wema wake, na malipo yake ya kwanza ni matusi.

Ziwa hilo liko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na trauti waliomo si wenyeji. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Scotland, vifaranga wakatiwa mto Gura huko Aberdare, na baadaye samaki wa jamii hiyo wakasambazwa kwenye maji mengine ya milimani. Trauti hutaka maji baridi na safi. Sasa hebu lami ifike hadi ukingoni: kabla ya saa nne asubuhi kungekuwa na spika, majiko ya nyama choma na kreti za soda. Tope limekataa. Ni bawabu asiyepokea chai wala kujua mheshimiwa ni nani. Gari lenye bendera hukwama palepale ilipokwama Probox ya mchuuzi wa kabeji.

Na utengenezaji wake si wa ovyo. Usiku, huko juu kwenye nyasi za mafungu, halijoto hushuka chini ya sifuri na maji yaliyo udongoni hugeuka sindano nyembamba za barafu zinazoinua udongo. Jua likichomoza, sindano zinayeyuka, na tope jipya liko tayari kabla wageni hawajamaliza uji. Chini yake udongo mweusi wa mboji hunywa mvua kama sifongo, kisha huiachia kidogokidogo, ndiyo maana mito ya mlima huu huendelea kutiririka hata kiangazi.

“Mama, limenimeza!”

Mguu umetoka, gambuti limebaki. Soksi nyeupe ya shule inaning’inia hewani, mwenyewe akitafuta pa kuikanyagia na asipaone.

“Usivute kwa hasira, baba. Zungusha kisigino kwanza, hewa iingie.”

Kisigino kinazungushwa, tope linatoa mlio wa mtu aliyemaliza bakuli la supu, gambuti linarudi. Hakuna darasa la sayansi lililowahi kueleza mvuto wa ombwe kwa ufasaha huo. Waliosema kuteleza si kuanguka, kwa heshima zote, hawakuwahi kupita hapa Aprili.

Tope pia ni gazeti. Kwato za nyati zilizochongoka kingo ni habari za leo. Zilizolainika ni za kabla ya mvua. Duara pana lililojaa maji ni tembo. Nyayo zisizo na alama za kucha ni za chui, kwa kuwa paka huyo hutembea akiwa amezificha, na mtoto aliyekuwa akilalamika kwamba amechoka ghafla anatembea katikati ya wazazi wake bila kuombwa.

Uvuvi wenyewe hauna mengi: leseni, mshipi, nzi bandia, upepo usoni, trauti wawili. Mizani ikiwekwa, kilichoteremshwa kutoka mlimani kwa wingi zaidi ni tope, limejaa kwenye buti, kwenye mikunjo ya suruali na chini ya viti vya gari.

Jumatatu linasuguliwa kibarazani huko Embu kwa brashi na sabuni ya mche, huku likisemwa vibaya tena. Lingeachwa Chogoria, mvua ingelipeleka mto Tana kupitia mito inayouingia chini ya mabwawa yake yote makubwa ya umeme. Lakini limepanda gari la familia: linashuka mtaroni hadi mto Rupingazi, Rupingazi unalikabidhi Thiba, na Thiba unalifikisha bwawa la Kamburu, kwenye mitambo, ambako wahandisi nao wanalilaani kwa kujaza bwawa.