Wazaliwa wa Januari Mosi

Wanahisabati wanasema ukikusanya watu 23, uwezekano wa wawili kati yao kuzaliwa siku moja unapita nusu. Hao hawajafika Ludara, kwetu wilayani Koboko, Uganda. Huku hatuhitaji umati: bibi na binti yake wanatosha.

Itazame karatasi ya familia ya mkimbizi pale makazi ya wakimbizi ya Lobule. Bibi, Januari 1. Binti, Januari 1. Mkwe, naye vilevile. Mjukuu pekee, aliyezaliwa zahanati, ndiye kavuruga mpangilio. Ukihesabu miezi tisa nyuma unaangukia Aprili 1, Siku ya Wajinga, lakini tusiwasingizie wazee wa watu.

Bibi anajua vizuri alizaliwa lini: wakati wa kuvuna wimbi, mwaka wa nzige. Kompyuta ya karani ndiyo haijui wimbi. Inataka siku na mwezi, basi karani anampa vya bure: Januari 1.

Bibi asijione mnyonge. Omar al-Bashir, aliyeitawala Sudan miaka 30, naye kaandikwa Januari 1, 1944. Na Idi Amin, aliyeitawala Uganda, mwenye asili ya hapa hapa Koboko, alijitunuku hadi cheo cha Mshindi wa Dola ya Uingereza, ila vitabu vinagombana mpaka leo kuhusu mwaka aliozaliwa: 1925 au 1928?

Basi, msomaji, ukialikwa kwetu mwaka mpya, usiulize keki ni ya nani. Imba, kula, na umpe mkono kila unayekutana naye.