Kisifiwe Kiswahili cha Rumonge

Washairi wetu wameshasifu mengi: kanga, karafuu, mnazi, na mpenzi aliyesafiri asirudi. Kiswahili cha Rumonge hakuna aliyekitungia hata ubeti mmoja. Dhuluma hiyo naiondoa leo, wasahihishaji wa sarufi wanune wapendavyo.

Mji wenyewe uko kilomita kama 75 kusini mwa Bujumbura. Ziwa Tanganyika liko upande mmoja, michikichi upande wa pili, na ng'ambo ya maji inaonekana milima ya Kongo. Mgeni wa kutoka Tanga au Unguja hushuka garini kifua mbele: hapa wanasema Kiswahili, na Kiswahili ni changu. Kifua hicho hakivuki soko la samaki. Basi sifa ya kwanza ya lugha hii ni kwamba inatibu majivuno, tena bure, na mgonjwa hapangi foleni.

Mfuate mgeni wetu hadi ufukweni alfajiri. Mama mmoja anageuza ndagala juu ya kichanja cha waya, mkono mmoja ukifukuza kunguru, huku akimpigia kelele mwenzake: "Apollo zimerudi mikono mitupu, sha!" Mgeni anatazama mbinguni. Apollo za hapa hazijawahi kutoka majini. Ni vyombo vikubwa vya kuvulia, mitumbwi iliyounganishwa, yenye wavu wa kuinua na taa za kuwavuta samaki usiku. Tena na mwezi haziivi kabisa: ukiwa mpevu, taa hazifui dafu, na wavuvi wanalala nyumbani. Niambie ni lugha gani nyingine yenye Apollo inayoukimbia mwezi.

Hao ndagala ni dagaa wale wale anaowajua wa Kigoma, na mukeke anayemkodolea macho ndiye mgebuka. Hakuna atakayemwambia, na kwa nini aambiwe? Bei ya anayeuliza "samahani, huyu ni samaki gani?" na bei ya anayeuliza "mukeke iko?" hazijawahi kulingana. Serikali nyingi zinahangaika kutafuta ushuru unaokusanywa bila ofisa, bila risiti na bila kelele. Ufukwe wa Rumonge unao.

Hiyo "iko" nayo ina haki ya kusifiwa peke yake. Mtoto wa shule anapigwa na ngeli miaka nenda rudi: yuko, kiko, liko, viko, uko. "Iko" imezifagia zote: samaki iko, gari iko, mwalimu iko, pesa haiko. Ni jamaa wa Kiswahili cha Uvira na Baraka kule Kongo, kinachovuka ziwa kila siku pamoja na abiria wake bila kudaiwa nauli wala pasipoti. Profesa akiisikia anashika kichwa. Muuza samaki akiisikia anafungua mfuko wa chenji.

Panda kidogo juu ya mji, mkulima atakuambia kwa furaha kwamba ngazi zimeiva. Usimwite fundi seremala. Anasema chikichi, zile zinazokamuliwa mawese yanayoupa mji huu jina lake katika masoko ya Burundi.

Na msidhani ni lugha ya juzi isiyo na nasaba. Karne ya 19 misafara na mitumbwi ya Ujiji iliisambaza mwambao huu pamoja na Uislamu. Wajerumani walitawala, wakatolewa mwaka 1916, na Wabelgiji wakaacha Kifaransa ambacho hadi leo kinatumika kuhesabia pesa na kutajia tarehe katikati ya sentensi ya Kiswahili. Kisha kuna sura ambayo haina mzaha. Waliokimbia mauaji ya 1972 nchini Burundi waliishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, Tanzania, wakazaa na kulea huko. Walipoanza kurudi kwa wingi mwaka 2008, wengi wao Rumonge na Nyanza-Lac, walikuja na "shikamoo" zao na watoto waliokwama shuleni kwa sababu ya Kirundi na Kifaransa, na baadhi wakakuta shamba la babu lina mwenyewe mwingine. Kwa watoto hao, lugha hii ya kuungaunga ndiyo pekee ambayo haikuwauliza wametoka wapi. Mgeni wetu wa Tanga, aliyekosa bei nzuri ya mukeke, avumilie.

Sheria inatambua Kirundi, Kifaransa na, tangu 2014, Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili kinafundishwa shuleni, lakini kwenye orodha hiyo hakimo. Alhamdulillahi. Kingekuwemo, kingeundiwa kamati, na kamati ingeanza na "iko".

Taji nimeliweka mwisho. Kirundi kina neno "ejo", ambalo ni jana na ni kesho pia. Sentensi iliyobaki ndiyo inayoamua. Sasa likiokotwa na Kiswahili cha mtaani na kutamkwa peke yake, bila sentensi yoyote ya kuamua, linakuwa johari. Unamdai mtu. Unamuuliza: "Pesa yangu?" Anajibu: "Ejo." Hajakudanganya. Hajaahidi. Hajakataa. Hata ukimpeleka kwa wazee, nao watabaki wakitazamana. Mawakili wa Dar es Salaam na Nairobi wanalipwa mamilioni kuandika vifungu visivyomfunga mtu, na bado hawajafikia ufasaha huo wa silabi mbili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Rumonge, usimsahihishe mtu. Salimia "amahoro", kubali kupunjwa siku ya kwanza, na ukiambiwa mzigo wako utapatikana ejo, uliza ni ejo ipi kabla hujatoa hela.