Wati 650 kwenye Luku ya Pamoja

Mama mwenye nyumba wetu hana habari na kompyuta, ila namba anazijua. Aliliona boksi la pawasaplai yangu likiingia getini, akasoma maandishi makubwa ya ubavuni, 650W, na kabla sijavua viatu kikao cha wapangaji kilikuwa kimeshakaa uani. Ajenda ilikuwa moja tu: Luku.

"Baba, taa yangu ya sebuleni ni wati tisa," alianza. "Wewe umeleta mia sita hamsini. Hiyo Luku tutakuwa tunamnunulia nani?"

Wapangaji wakatikisa vichwa. Aliyetikisa kwa nguvu zaidi ni jirani wa chumba cha nyuma, bingwa wa kupiga pasi mashati ya wiki nzima kila Jumapili. Pasi yake inakula wati elfu moja na ushee, lakini boksi lake lilishatupwa zamani, na asiye na boksi hana kesi.

Nikajitetea. Wati zilizoandikwa pale ni uwezo wa pawasaplai, ulaji wake ni habari nyingine. Inapokea umeme wa ukutani, volti 230, inaugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 kwa ajili ya vifaa vya ndani, na vifaa visipoomba, haichukui. Nikatoa mfano wa sufuria la shughuli: ukichemshia humo chai ya mtu mmoja, sukari ya mtaa haiishi.

"Sufuria kubwa hula kuni," akajibu.

Hapo alinibana, maana ana ukweli kidogo. Pawasaplai ikibebeshwa mzigo mdogo mno, ufanisi wake hushuka. Nyingi hufanya vizuri zaidi zikiwa kwenye nusu ya uwezo, na ndiyo sababu nilichukua 650: hesabu yangu yote ilikuwa inacheza kwenye 300.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonigombanisha na muuzaji Kariakoo. Yeye alitaka nichukue kesi yenye taa za rangi ambayo pawasaplai "imo humohumo, bosi, wati 500, bure." Nikaomba igeuzwe nisome kibandiko. Mstari wa volti 12 ulisema ampea 18. Zidisha: wati 216. Zile nyingine zilizotafutwa ili kufikisha 500 zilirundikwa kwenye volti 5 na 3.3, ambazo kompyuta za siku hizi hazina shida nazo sana. Prosesa yangu, Ryzen 5 5600, peke yake inaweza kufika wati 76. Kadi ya grafiki, RTX 3060, ni 170. Tayari ni 246, na madabodi, diski na feni bado hazijaonja. Nvidia wenyewe wanashauri pawasaplai ya wati 550 kwa kadi hiyo. Muuzaji akaniuliza kama mimi ni mkaguzi.

Aliyeichukua ile ya bure ni binamu yangu, ambaye huamini kila kilichoandikwa kwa herufi kubwa. Akiandika barua, kompyuta ilikuwa mpole. Akifungua gemu la mpira, kila mshambuliaji wake akibaki na kipa, kioo kinakuwa cheusi na mashine inajizima. Akalilaumu gemu. Akalaumu Windows, akaifuta na kuiweka upya. Mwisho akamshuku jirani kwa husuda. Kumbe kadi ya grafiki haivuti umeme wa maana mpaka ipewe picha nzito za kuchora, na wakati huo ndio pawasaplai nayo ilikuwa inanyoosha mikono.

Mwisho wa mashine hiyo uliletwa na mpwa wetu. Nyuma ya pawasaplai ile kulikuwa na kiswichi chekundu cha 115 na 230. Mtoto alidhani ni pa kuongezea spidi, akakisukuma kwenye 115, volti za nchi kama Marekani, kisha akawasha. Mlio uliosikika, nusu ya mtaa walidhani Yanga wamefunga, nusu nyingine wakaanza kutafuta maji. Kapasita zilipasuka, na madabodi ikazikwa siku hiyohiyo. Pawasaplai nyingi nzuri za siku hizi hazina kiswichi hicho. Zinatambua volti zenyewe.

Turudi kwenye kikao. Nilitoa karata yangu ya mwisho, kibandiko cha 80 Plus Gold. Mpango huo ulianza 2004, na unapima ni kiasi gani cha umeme wa ukutani kinachovifikia vifaa. Kwa mzigo wa wati 300, pawasaplai yenye ufanisi wa asilimia 80 huvuta 375. Ya asilimia 90 huvuta kama 333. Tofauti ni wati 42, na zingepotea kuwa joto, bidhaa ambayo Dar es Salaam haina upungufu nayo.

"Kwa hiyo mama, nimewaokolea zaidi ya taa nne kama zako."

Akaniuliza hizo taa nne ziko chumba gani. Kikao kikaamua niongeze shilingi elfu tano kila mwezi. Mpiga pasi aliunga mkono hoja.

Wewe unayejiundia kompyuta, anza na mstari wa volti 12 wa pawasaplai: zidisha ampea zake kwa 12, linganisha na mahitaji ya prosesa na kadi yako, na uache nafasi ya kutosha juu yake. Hesabu isipotosha, irudishe kabatini hata kama ni ya bure. Pesa ikipungua, punguza kwenye kesi. Taa za rangi zinaweza kusubiri mwezi ujao.