Blauzi ya Mgeni Njoo

Ukionekana mjini Mackinnon Road na sindano mbili za kufumia mwezi wa Februari, watu huamini moja kati ya mawili: una mimba, au jua la Taru limekupanda kichwani. Nimepewa hongera za mtoto na akina mama nisiowajua. Nikieleza kwamba nafuma kizibao changu mwenyewe cha kuvaa msimu huu wa joto, hongera hugeuka pole.

Kwani nani alisema kufuma ni masweta ya shule tu? Chukua uzi wa pamba, si ule wa akriliki unaomkaanga mtu akiwa hai, ufume kwa sindano nene, vitanzi vilegee, upepo upite. Joto halinisumbui kama vumbi jekundu. Uzi ninaouanza mweupe hufika mabegani ukiwa rangi ya chai ya maziwa. Na bonge la uzi likidondoka barazani halijui pengine pa kwenda ila barabara kuu. Kuna siku mbuzi wa jirani alilidaka akashika njia, sindano zikachomoka, nikamfuata mbio huku safu zikifumuka moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimeshafika kifuani. Nilipomkamata karibu na reli, alikuwa amenirudisha kiunoni.

Afadhali kufuma, maana kilichofumuka hufumwa tena. Kushona je? Mkasi hauna toba. Ndiyo maana cherehani naikanyaga alfajiri, kabla jua halijanichanganya.

Kushona kwangu ni leso. Leso yenyewe, tukiamini masimulizi, ni kazi ya sindano tangu asili: wanawake wa pwani karne ya 19 waliunga vitambaa sita vya mkononi vikawa vazi moja. Majina, yale maneno ya chini, yalikuja baadaye, na yeyote aliyeyabuni hakumfikiria fundi. Nilinunua doti yangu Barabara ya Biashara, Mombasa, nikataka blauzi ndefu ya mikono mifupi, pindo la leso likae chini kama urembo. Nikakunja kipande katikati, nikakata mbele na nyuma kwa pamoja, nikaunga ubavuni. Ilinikaa vizuri ajabu. Jina lilikuwa “Mgeni njoo mwenyeji apone”, nalo lilikatika sawasawa: “mwenyeji apone” tumboni, na “mgeni njoo” nyuma, pale pa kukalia.

Katika mji mwingine labda ningepita salama. Mackinnon Road inaishi kwa wageni. Malori ya Mombasa na Nairobi hupumzika hapa, na wasafiri wengi husimama msikitini kando ya reli, penye kaburi la Sayyid Baghali, kuombea safari. Huyo alikuwa mnyapara aliyefanya kazi kwenye reli ya Uganda, ambaye wazee husimulia kwamba mzigo ulielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Nilipita mbele ya malori nikienda kununua mkate. Honi ya kwanza sikuijali. Ya pili nikageuka, na kugeuka ndiko kulikoniponza, maana dereva alisoma upande wa mbele, akatoa kichwa dirishani kwa huruma kabisa:

“Dada, huyo mwenyeji anaumwa nini?”

Nikaona kizibao ndicho kitaniokoa, nikivae juu ya blauzi. Nilikimaliza, nikakifua, nikakianika kwenye kamba badala ya kukilaza mkekani. Mzigo wa Sayyid ulipanda, changu kilishuka: pamba iliyofumwa ikinywa maji huwa nzito, vitanzi vikanyooka, hadi jioni kizibao kilikuwa kinakaribia magoti. Kufunika kilifunika. Ila vitanzi vilikuwa vimepanuka, na kila herufi ilichungulia kwenye tundu lake. Watoto wa madrasa waliisoma blauzi kwa pamoja, kwa sauti.

Jirani yangu, mwenye mbuzi, alicheka mpaka akakaa chini. Keshoye alikuja na leso yake mpya kwapani, akaitandaza kwenye meza ya cherehani, akanionyesha jina kwa kidole. Lilihusu watu wasiojua kufunga midomo.

“Nishonee kama ile yako, mwanangu,” akasema. “Lakini hii usiikate maneno. Yakae yote nyuma, na herufi zionekane, ili yule wa mlango wa pili ayasome vizuri nikishampita.”