Shikamoo ya Miguu Minne

Jumapili mama mkwe alinikuta nimepiga magoti na viganja topeni, natambaa mbele ya nguruwe sita nikiwabembeleza: "Njooni basi, si mnaona hakuna kitu?" Alikuwa ametoka kanisani, kitenge kipya. Nikamwamkia palepale, maana adabu haisubiri mtu ainuke. Tangu nioe, shikamoo yangu haijawahi kuifikia miguu yake kwa karibu vile. "Marahaba," akaitikia, kisha akamgeukia binti yake, akamtazama kwa huruma.

Kisa chenyewe ni waya ambao haukuwepo.

Nguruwe wangu wanaishi malishoni, kwenye kibanda cha mabati kisicho na sakafu, kilichopigiliwa juu ya magogo mawili. Wakishakilima kipande kwa pua, maksai wa jirani hukiburuta kibanda hadi penye majani mapya. Kinachowazuia nguruwe ni nyaya mbili tu na kisanduku kilichounganishwa na betri. Na kisanduku hicho, jamani! Kila baada ya sekunde hivi kinatema pigo la volti elfu kadhaa, fupi mno, linalouma bila kuua. Umeme unaingia puani, unashuka miguuni, unapita udongoni na kurudi kwenye kisanduku kupitia chuma kilichochimbiwa ardhini. Udongo ukikauka safari inakwama, na nguruwe anajipitia zake. Ndiyo maana kiangazi nakimwagilia chuma maji kama mche wa parachichi, majirani wakiuliza kitaota lini.

Nguruwe akichomwa mara moja, hasahau. Waya unauondoa, mpaka unabaki kichwani mwake. Niliukunja waya, nikahamisha kibanda mita 20, nikamwaga mahindi ng'ambo. Wakajipanga kwenye mstari usioonekana kama abiria waliokosa basi. Usiku, kwa baridi hii ya Njombe, wakalala pale kibanda kilipokuwa, wamebanana, na kulipopambazuka mahindi yakaliwa na kunguru. Asubuhi nikaona dawa ni kuwaonyesha mfano. Nilivuka mara nne.

"Si ufunike hapo kwa nyasi zao za kulalia?" akauliza mama mkwe.

Tukafunika. Wakavuka kabla hajamaliza kukunja kitenge chake.

Kabla ya hapo kibanda kiliwahi kuteleza hadi kwenye viazi vya jirani. Jike mmoja alizalia kichakani siku ya 114 ya mimba, sawa na kalenda, mimi nikiwa mnadani.

Hayo nacheka. Nisilolicheka ni hili. Bwana mifugo anataka niwafungie: homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na nguruwe akila kinyesi cha watu anapata tegu. Kweli tupu. Lakini wangu wana uzio, na mimi nina choo. Daftari lake lina safu mbili tu, "wamefungiwa" na "wanazurura". Akatuandika wazururaji, nadhani pamoja na mimi.

Sokoni nako ni vilevile. Tangu 2007 Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai, na alama yake, Kilimohai. Nilimtajia mwenye kitimoto mjini. Akampima nguruwe wangu, akanilipa bei ileile ya aliyenenepeshwa kwa pumba bandani, kisha akakata kidogo kwa kuwa "huyu ana mazoezi mengi, mafuta hana."

Alhamisi tunahama tena. Mama mkwe ameagiza nyasi ziwe tayari, na amesema atakuja na viatu vya mvua.